Mimi Si Mwizi

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya wazazi na walimu wa vijana wa miaka 13 hadi 19. Nimeinyoosha kidogo ili isomeke. Mahali nilipotoka nje ya mada nimepaacha kama palivyokuwa.

Ndugu wazazi, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliochagua safu ya nyuma karibu na mlango, habari zenu.

Niliombwa nizungumzie maadili ya vijana. Mwenyekiti aniwie radhi, mada hiyo nimeigeuza. Hotuba za maadili ya vijana mmesikia nyingi, na zote hushukia kituo kimoja: vijana wa siku hizi wameharibika. Sina la kuongeza hapo. Leo naomba tuulize jambo jingine. Kijana mwenyewe anajionaje? Akijitazama kama mtu wa wema au wa ubaya, anamwona nani?

Nianze na kijana mmoja. Miaka mingi imepita. Nilikuwa mwalimu mpya, na kwenye kamati ya nidhamu nikapewa kazi ambayo hupewa mgeni, kuandika kumbukumbu. Akaletwa mvulana wa miaka 15. Simu ya mwenzake ilikutwa ndani ya begi lake. Akaulizwa kama ni yeye aliyeichukua, akasema ndiyo. Akaulizwa lini, akataja siku. Akaulizwa wapi, akataja mahali. Hakumsingizia mtu. Kisha mkuu wa kamati akamwambia, "Kwa hiyo wewe ni mwizi." Kijana akainua kichwa. "Hapana, mwalimu. Mimi si mwizi."

Tulicheka. Nasema tulicheka kwa sababu nami nilikuwemo. Mtu amekutwa na kidhibiti, amekiri kwa kinywa chake mwenyewe, halafu anasema yeye si mwizi! Mmoja wetu akasema nyani haoni kundule, na kikao kikaendelea.

Ilinichukua miaka kuelewa kwamba kijana yule hakuwa akibisha. Alikuwa anajibu swali ambalo hakuna aliyemwuliza: wewe unajiona nani?

Wala msidhani yuko peke yake. Mwaka 2014, Constantine Sedikides na wenzake walichapisha utafiti waliofanya katika gereza moja la Uingereza. Waliwaomba wafungwa wajipime kwa sifa kama huruma, ukarimu na uaminifu, wajilinganishe kwanza na wafungwa wenzao, kisha na raia wa kawaida walio nje. Wafungwa walijiona bora kuliko wafungwa wenzao, na hilo mtu angelitarajia. Lakini walijiona bora hata kuliko raia wa nje, isipokuwa kwa sifa moja, kutii sheria. Hapo walijiweka sawa na raia wa nje. Sawa nao, jamani, wala hawakujiweka chini yao.

Mnacheka. Nami nilicheka nilipousoma mara ya kwanza, mpaka nilipojiuliza ningejipa alama ngapi kwenye karatasi hiyohiyo. Binadamu karibu wote tunajiona wema kumzidi jirani. Kijana hakutuletea ugonjwa huu, ametukuta nao. Tofauti ni kwamba sisi nyumba zetu zimeshakauka, yeye ndiyo kwanza anapanga matofali.

Kwa muda mrefu wataalamu waliyatafuta maadili ya mtoto kichwani, kwenye hoja zake. Jean Piaget, Mswisi, mwaka 1932 aliandika juu ya watoto aliowasimulia visa viwili. Mtoto wa kwanza anaitwa mezani, anasukuma mlango, kumbe nyuma yake kuna kiti chenye vikombe, vinavunjika vyote 15. Wa pili mama yake hayupo, anapanda kuiba jamu kabatini, anaangusha kikombe kimoja. Nani ana kosa kubwa? Watoto wadogo walisema wa kwanza, maana 15 ni vingi kuliko kimoja. Wakubwa walitazama nia. Baadaye Lawrence Kohlberg, katika kazi yake ya mwaka 1958 huko Chicago, aliwahoji wavulana 72 wa miaka 10 hadi 16 kwa visa vigumu zaidi, kikiwemo cha mume ambaye mkewe anakufa na dawa ipo, ila mwenye dawa anadai mara kumi ya gharama yake. Aibe asiibe? Kohlberg hakujali jibu lenyewe. Alisikiliza sababu, na kwa sababu hizo akapanga ngazi za ukuaji.

Ni kazi kubwa, nami naiheshimu. Lakini mzazi yeyote aliye na kijana wa miaka 16 anajua shimo lililomo. Kijana anaweza kukutolea hoja nzuri kuliko za wakili juu ya uaminifu, huku pesa ulizomtuma dukani zimepungua. Na hili halikugunduliwa juzi. Katika miaka ya 1920 huko Marekani, Hugh Hartshorne na Mark May waliwawekea watoto zaidi ya 10,000 mitego midogomidogo, nafasi ya kuangalizia mtihani, ya kudanganya kwenye mchezo, ya kuchukua sarafu wakidhani hawaonekani. Walitarajia kupata watoto waaminifu upande huu na wasio waaminifu upande ule. Hawakuwapata. Mtoto aliyeangalizia kwenye hesabu hakugusa sarafu. Aliyedanganya kwenye mchezo alikuwa mkweli darasani. Na kujua lililo jema hakukusaidia sana kubashiri nani angelitenda.

Hapa ndipo alipoingia Augusto Blasi. Mwaka 1980 alizikusanya tafiti zilizolinganisha fikra za watu na matendo yao, akakuta uhusiano upo lakini umelegea. Akapendekeza kwamba kati ya kujua na kutenda kuna mtu mwenyewe amesimama. Kwa mwingine, kuwa mwadilifu ni sehemu ya yeye ni nani, kiasi kwamba akitenda kinyume anahisi amejisaliti. Kwa mwingine, uadilifu ni jambo jema analolikubali, kama anavyokubali kwamba mboga ni nzuri kwa afya. Wote wawili watafaulu mtihani wa maadili. Wakibaki peke yao na pesa ambazo hazikuhesabiwa, ndipo watakapoachana.

Ngoja niwape zoezi ninalofanya na kila darasa jipya. Nawagawia karatasi, hakuna kuandika jina, nawaambia kila mmoja ajieleze kwa sentensi kumi zinazoanza na "Mimi ni". Wanaandika: mimi ni shabiki wa mpira, mimi ni mrefu, mimi ni mtu wa utani, mimi ni mvivu wa hesabu. Ukweli, huruma, haki, mara nyingi huja kwenye namba ya saba au ya nane, na kwa wengi havionekani kabisa. Mwalimu mmoja alizipitia akaniambia, "Unaona? Hawana habari na maadili." Nikamwomba asubiri swali la pili. Nawauliza: katika hayo yote, na mengine usiyoyaandika, ni lipi likiondoka huyo aliyebaki si wewe tena?

Darasa hunyamaza. Mpira ukiondoka bado ni mimi. Utani ukiisha, nitakuwa nimenuna, lakini ni mimi. Msichana mmoja aliandika: "Nikianza kufurahi mtu akiumia, huyo si mimi, ni mtu mwingine amevaa sura yangu." Katika sentensi zake kumi za mwanzo hakuna mahali alipotaja huruma.

Mwaka huohuo wa 2014, Nina Strohminger na Shaun Nichols walichapisha majibu ya watu wazima kwa swali la namna hii. Ukiniambia mtu fulani amebadilika, ni badiliko gani litanifanya niseme huyu si yeye? Kumbukumbu zilitajwa, tabia za kawaida zilitajwa, lakini sifa za kimaadili zilitangulia. Vijana wangu walikuwa wanasema hayo bila kuyasoma. Wema wao hawakuuweka sebuleni, waliuweka kwenye msingi, na msingi wa nyumba hakuna anayemwonyesha mgeni.

Sasa kwa nini hauonekani? Nina mawazo mawili.

La kwanza ni kwamba kijana huyu si mmoja. Susan Harter alitumia miaka mingi kuwauliza vijana wajieleze wakiwa na mama, wakiwa na baba, wakiwa na marafiki, wakiwa na mtu wanayempenda. Mtoto wa miaka 12 hujieleza hivi hapa na vile pale, wala hana shida. Akifika kama miaka 14 au 15 anaanza kuona kwamba picha hizo zinagombana, na zinamtesa. "Kwa nini nyumbani ni mpole na kwa rafiki zangu ni mkatili? Yupi ndiye mimi?" Hilo ni swali la maadili lenye uzito wake, jamani, na mtoto anabaki nalo usiku chumbani, halafu asubuhi sisi tunamwita mnafiki. Ameshajiita hivyo kabla yetu. David Elkind naye aliandika mwaka 1967 kwamba kijana wa umri huu huishi kana kwamba yuko jukwaani, watazamaji hawaondoki. Siku hizi watazamaji hao wamo mfukoni mwake kweli, na wanahesabika kwa namba.

La pili linatuhusu sisi zaidi, na naomba mnivumilie maana hapa nitakaa.

Elliot Turiel, na baadaye Judith Smetana, walionyesha kwamba watoto hawachukulii kila katazo kwa uzito mmoja. Kumpiga mwenzako ni vibaya hata kama mwalimu ameruhusu. Hilo hata mtoto wa chekechea anakujibu. Kuvaa nguo za nyumbani darasani ni vibaya kwa sababu kuna sheria. Sheria ikiondolewa, si vibaya tena. Na kuna fungu la tatu, mambo yangu mwenyewe: nywele zangu, chumba changu, rafiki zangu, muziki wangu. Kadiri kijana anavyokua, fungu hili la tatu linapanuka. Smetana, aliyefuatilia ugomvi wa majumbani kuanzia miaka ya 1980, aliona kwamba wazazi na vijana hawagombani sana juu ya kuiba wala kuonea wanyonge. Hapo wanakubaliana. Wanagombania mpaka. Mzazi anasema chumba kichafu ni suala la nidhamu na heshima. Kijana anasema ni chumba chake.

Kijana ana mafungu matatu. Sisi wengi wetu tuna kapu moja, linaitwa "tabia". Nywele zimo, kuchelewa kuamka kumo, kusema uongo kumo, simu usiku imo, kumdhulumu mdogo wake imo, vyote vinabanana humo. Mtoto akinyoa mtindo usiotupendeza tunamwambia, "Huna maadili." Akimtukana mlemavu njiani tunamwambia maneno yaleyale, tena wakati mwingine kwa sauti ya chini kidogo, kwa sababu siku ya nywele tulikuwa na wageni. Sasa kijana mwenye akili timamu ajifunze nini? Anajifunza kwamba neno "maadili" ni jina jingine la nywele. Siku tutakapolihitaji kwa jambo la kweli, atalisikia kama anavyosikia kengele ya vipindi.

Mzazi mmoja aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, kwa hiyo nimwache na kile chumba?" Simpangii mtu chumba cha mwanawe. Mwambie afagie, ni haki yako, nyumba ni yako. Mwambie tu kwamba ni usafi.

Narudi kwenye njia. Nimesema kijana anajiona mwema. Na bado anatenda mabaya, hilo tusilifiche. Anawezaje kuvibeba vyote viwili? Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza vizuri. Mtu hahitaji kuvunja kanuni zake. Anazilegeza kwa muda, kama unavyofungua kifungo cha shati baada ya kushiba, kisha anafunga. Bandura alitaja njia nane za kulegeza. Sitazisoma zote nane. Nitawapa kisa, wenyewe mtazitambua.

Kundi la simu la darasa moja. Mtu amerusha picha ya msichana aliyeanguka, sketi imepanda. Ndani ya saa moja ilikuwa imezungushiwa maneno, alama za kucheka zimejaa. Nilikaa na vijana hao mmoja mmoja. Aliyepiga picha: "Sikuirusha mimi." Aliyeirusha: "Nilitumiwa, na wote walikuwa wanarusha." Aliyeandika maneno: "Ni utani tu, hata yeye huwa anatania watu." Mwingine: "Mbona darasa lile jingine walifanya kubwa kuliko hili?" Mwingine: "Angekuwa amevaa vizuri." Na yule ambaye sitamsahau, msichana mpole, anayekaa mbele, anayeokota karatasi za watu bila kuambiwa: "Mimi sikuandika chochote, mwalimu. Nilicheka tu."

Nilicheka tu. Nilipolisikia neno hilo nilikumbuka kikao cha kamati na kicheko changu mwenyewe.

Mwaka 1996 Bandura na wenzake wa Italia walichapisha matokeo ya watoto wa miaka 10 hadi 15. Waliozoea kujilegezea namna hii walikuwa wakali zaidi kwa wenzao, na majuto yao yalikuwa haba. Kwa hiyo visingizio si vya kupuuza, vinakua na mtu. Na tusijifanye hatujui wamejifunza wapi. Simu inalia, baba anamnong'oneza mtoto, "Mwambie sipo." Mtoto anasema, "Baba hayupo," huku anamtazama baba machoni. Hilo ni somo kamili, lina mwalimu, lina mazoezi.

Lakini yatazameni tena majibu yale ya vijana. Hakuna hata mmoja aliyesema, "Ndiyo, nilitaka aumie, kwani nini?" Kila mmoja alitafuta mlango wa kutokea ili abaki mtu mwema. Asiye na deni hamkwepi mdai. Anayepitia uchochoroni anajua anadaiwa. Kijana anayejiona mwema ana deni kwa nafsi yake, na nafsi ndiyo inayomsuta. Kwa hiyo ninaposikia kisingizio siku hizi, nasikia mambo mawili kwa pamoja: anakwepa, na anajua anachokikwepa. La pili ndilo la kushika. Mwalimu au mzazi asiyesikia la pili atakuwa na njia mbili mbaya. Atakikubali kisingizio, basi deni limefutwa bure. Au atampiga mtoto jina, na hapo mdaiwa mwenyewe anafukuzwa mjini, sasa nani atalipa?

Hili la kumpiga mtu jina lina siri yake katika lugha yetu. Tuna kiambishi kidogo, herufi moja au mbili tu, lakini kina nguvu ya hakimu. Kuiba, mwizi. Kudanganya, mdanganyifu. Kusaidia, msaidizi. Kitenzi kina wakati ndani yake: *aliiba*, *ameiba*, jambo limetokea jana au leo asubuhi, na kesho haijaandikwa. "Mwizi" hana jana wala kesho. Ukishamwita mtu hivyo, umemwibia wakati. Yule mvulana wa begi, nikitazama nyuma, alikubali kila kitenzi tulichompa. Alichokataa ni nomino.

Wapo waliojaribu nguvu ya majina haya. Christopher Bryan na wenzake, mwaka 2014, waliwaambia watoto wadogo wa miaka 3 hadi 6 maneno mawili tofauti: wengine waliombwa kusaidia, wengine waliombwa kuwa wasaidizi. Walioitiwa jina walisaidia zaidi. Mwalimu akisoma hapo atakimbia kuwaita watoto wote wasaidizi! Asikimbie. Watafiti wengine walirudia baadaye wakaongeza jambo moja: watoto walijaribu kusaidia wakashindwa, vitu vikamwagika. Hapo walioitwa wasaidizi walikata tamaa kuliko wale walioombwa kusaidia tu. Jina zuri nalo hulemea. Hao ni watoto wadogo, siwezi kuwahamisha moja kwa moja hadi miaka 16, ila nimeona sura ya "mwanafunzi bora wa nidhamu" siku alipokutwa anaangalizia mtihani. Wenzake waliokutwa naye walilia siku moja. Yeye aliacha kuja shule wiki nzima.

Na hapa tuna utajiri mwingine tunaoutumia vibaya: haya, aibu, majuto. Haya hutangulia tendo. Humshika mtu mkono kabla hajafika. Aibu hulifuata tendo na kumtafutia mtu pa kujificha. Majuto nayo hulifuata, lakini humtafutia mtu pa kutengeneza. June Tangney amefanya kazi ya maisha yake juu ya hayo mawili ya mwisho. Yeye na Ronda Dearing, katika kazi waliyochapisha mwaka 2002, waliwafuatilia watoto wa Marekani kuanzia darasa la tano hadi walipofika kama miaka 18. Waliokuwa wepesi wa kujuta kwa walichotenda walikuwa na matatizo machache zaidi ya dawa za kulevya na ya kukamatwa na polisi. Waliokuwa wepesi wa kuona aibu juu ya nafsi yao nzima walifukuzwa shule kwa muda mara nyingi zaidi. Na ukiangalia adhabu zetu, gwaride la asubuhi, jina linasomwa, mtoto anasimamishwa mbele ya watu mia tano, ni ipi kati ya hizo mbili tunayoikuza?

Kuna mzee atasema sisi tuliadhibiwa hivyohivyo na tukakua. Tulikua, ndiyo. Mimi nilikua nikawa mtu wa kucheka kwenye kamati.

Sasa mtaniuliza wema huu wa msingi unapandaje juu, uonekane. Jibu nililonalo linatoka Camden, mji wenye umaskini mkubwa katika jimbo la New Jersey, Marekani. Mwaka 1995 Daniel Hart na Suzanne Fegley walichapisha utafiti mdogo wa vijana 15 waliotajwa na watu wa mtaani kwao kwa kujitolea kwao: waliolea wadogo zao, waliohudumia wenye njaa, waliowaongoza wenzao. Wakawalinganisha na vijana wengine wa mazingira yaleyale. Kwa hoja za Kohlberg, hawakuwazidi wenzao. Kichwani walikuwa sawa. Walipotofautiana ni walipojieleza: walitumia maneno ya utu na ya kile wanachokiamini, na walipozungumza juu ya mtu wanayetaka kuwa, wazazi wao walikuwamo ndani ya picha.

Ndani ya picha, nimesema. Na kwa uzoefu wangu maneno hayo hayaji kwanza. Huja kazi. Kijana anapewa mtu wa kumtunza, mtoto mdogo wa kumfundisha kusoma, mgonjwa wa kumpelekea maji, jambo ambalo asipolifanya mtu halisi atakosa. Wiki ya tatu anaanza kusema "mtoto wangu wa kusoma". Kiambishi hakijapachikwa na mtu, kimeota. Mitaala yetu inampa kijana kurasa nyingi za uadilifu na hakuna mtu hata mmoja anayemtegemea.

Msichana yule wa "nilicheka tu" sikumwandikia adhabu. Nilimwuliza kama anadhani aliyeanguka alisikia kicheko chake. Akakaa kimya muda mrefu, akasema, "Alama za kucheka zina jina la mtu, mwalimu. Alisoma majina yote." Kisha akaniuliza afanye nini. Sikumwambia. Alikwenda mwenyewe, na walichoongea sikijui wala hakinihusu. Najua tu kwamba mwezi uliofuata waliketi dawati moja, na kwamba kundi lile la simu alilitoka.

Ninyi vijana wa nyuma naona mnatazama saa. Nimalizie kwa mvulana wangu wa begi.

Kulikuwa na swali moja ambalo tungeweza kumwuliza. Sawa, wewe si mwizi. Basi mtu ambaye si mwizi, akijikuta na simu ya mwenzake kwenye begi, anafanya nini kesho asubuhi? Sijui angejibu nini. Pengine angenyamaza. Lakini lingekuwa swali la kwanza siku ile lililoelekezwa kwake yeye badala ya begi.

Hatukuliuliza. Mkuu wa kamati alitaja adhabu, kijana akatolewa nje akangoje mzazi wake, nami nikabaki na fomu ya kujaza. Ilikuwa na sehemu ya maelezo ya mtuhumiwa, mstari mmoja tu. Mbele yangu alikuwa amekiri siku, mahali na kitu. Nikachukua kalamu nikaandika: "Amekana."